Lini Themu Ihamie Tagi Mpya

Julai 2011 WordPress ilitoa toleo la 3.2, na pamoja nalo ikaja themu mpya ya kuanzia, Twenty Eleven. Aliyefungua tovuti ya WordPress baada ya hapo alikabidhiwa themu hiyo bila kuiomba. Ukizifungua faili zake unakutana na tagi ambazo watengeneza tovuti wengi wa wakati ule walikuwa wakizisikia tu: header, nav, article, footer, hgroup, time. Zilitoka katika HTML5, na HTML5 ilikuwa bado rasimu. W3C, shirika linalopitisha viwango vya wavuti, liliipigia muhuri tarehe 28 Oktoba 2014, zaidi ya miaka 3 baadaye.

Mtu mwangalifu angesema walioitengeneza themu ile walikurupuka. Lakini tazama yaliyozipata tagi zenyewe. Header, nav, article na footer zipo hadi leo, na hakuna anayefikiria kuzitoa. Hgroup iliondolewa katika kiwango cha W3C mwaka 2013. Time ilifutwa kwenye rasimu Oktoba 2011, themu ikiwa na miezi mitatu tu sokoni, watu wakapiga kelele, ikarudishwa. Ila sifa ya pubdate, ambayo Twenty Eleven iliibandika kwenye tarehe ya kila makala, haikudumu. Themu ni moja, siku ni moja, rasimu ni moja, na bado kila tagi ilikwenda njia yake.

Je, mtu aliyekaa mbele ya kompyuta yake mwaka 2011 angeweza kujua ipi itadumu na ipi itatupwa? Nadhani angeweza, kwa sehemu kubwa. Ila asingeweza kwa kusubiri muhuri. Alitakiwa kujiuliza tagi hii, ikiangukia kivinjari kisichoijua, itamwachia msomaji nini. Na je, yuko yeyote anayeifanyia kazi, au imeandikwa tu kwa matumaini?

Anayeuamini muhuri aikumbuke XHTML. XHTML 1.0 ilipitishwa Januari 2000, kiwango kamili, kimekwisha, hakina rasimu ndani yake. Kubrick, themu ya kuanzia iliyokuja na WordPress 1.5 mwaka 2005, ilibeba tamko lake juu kabisa ya ukurasa. Watengeneza themu wa miaka ile walikuwa wakiweka chini ya kurasa zao vinembo vya kujisifu kwamba kazi yao ni XHTML halali, na mteja ambaye hakujua maana yake aliridhika kuwa amepata kitu cha kisasa.

Kumbe karibu kurasa zote hizo zilikuwa zikisomwa kama HTML ya kawaida. Seva inapotuma ukurasa, hutanguliza neno linalosema huu ni ukurasa wa aina gani. Seva ikisema "hii ni XHTML ya kweli", Internet Explorer haikuufungua ukurasa kabisa. Ilimwuliza msomaji kama anataka kuipakua faili. Ilibaki hivyo hadi toleo la 9, mwaka 2011. Vivinjari vilivyoielewa XHTML, kama Firefox, viliisoma kwa ukali wa hakimu: mgeni mmoja akiandika maoni yenye alama ya & iliyokaa vibaya, ukurasa mzima unatoweka na mahali pake linatokea tangazo la kosa lenye rangi ya njano. Kwa hiyo watu waliandika kwa kanuni za XHTML, wakatuma kwa jina la HTML, na kivinjari kikaona HTML yenye vimkwaju vya ziada kabla ya kufunga tagi. Vimkwaju hivyo bado vinaonekana katika themu nyingi, mabaki ya kazi ambayo haikumfaa msomaji.

Mambo yaliendelea kuwa mabaya. Rasimu ya kwanza ya XHTML 2 ilitoka Agosti 2002, na haikukusudia kuelewana na kurasa zilizokuwepo. Juni 2004, katika mkutano ulioitishwa na W3C huko San Jose, Marekani, Opera na Mozilla walipendekeza HTML iendelezwe badala ya kuachwa ife. Ikapigwa kura: 8 wakaafiki, 14 wakakataa. Siku chache baadaye walioshindwa, pamoja na Apple, wakaunda kundi lao, WHATWG, na ndiko HTML5 ilikozaliwa. XHTML 2 iliendelea kuandikwa hadi 2009, W3C ilipotangaza kwamba kikundi kilichokuwa kikiishughulikia hakitaongezewa muda. Mtengeneza themu aliyeamua kuingoja alingoja miaka 7 akabaki mikono mitupu.

Ian Hickson, mhariri wa HTML5, aliwahi kuulizwa mwaka 2008 kiwango kitakamilika lini. Akataja 2022, maana kwa hesabu yake kukamilika kulitaka vivinjari viwili vinavyotekeleza kila kipengele sawasawa. Alichekwa sana kwa jibu hilo. Mimi naliona ndilo jibu la haki zaidi lililotolewa katika mjadala ule, kwa sababu lilimwonyesha kila mtu kwamba kusubiri ukamilifu ni kujifungia nje. Siku hizi hata swali lenyewe halipo. Mei 2019 W3C na WHATWG walikubaliana kuwa HTML itakuwa na hati moja inayohaririwa daima, isiyo na namba ya toleo wala siku ya kumalizika.

Tuzirudie zile tagi zilizodumu, tuone zilikuwa na nini. Mwaka 2005 Hickson, akiwa Google, alipekua kurasa zaidi ya bilioni moja kutazama watu wanaandika nini hasa. Katika majina ambayo watengeneza tovuti walikuwa wakiyabandika kwenye vipande vya kurasa zao, yaliyojirudia mno yalikuwa kama footer, menu, content, header, nav. Hakuna aliyewaagiza. Kila mtu, kwa wakati wake, alihitaji kichwa cha ukurasa, orodha ya viungo na sehemu ya chini, akaviita hivyo. HTML5 ikayachukua baadhi ya majina hayo ikayafanya tagi. Kwa mwandishi wa themu, kuhama kutoka div yenye jina la header kwenda header yenyewe hakukubadili muundo wowote. Kitu kilikuwepo, kilipewa tu jina rasmi. Visoma skrini, programu zinazowasomea wasioona, navyo vilikuwa na cha kushika, kwani vilikwisha kuzoea alama za maeneo ya ukurasa zilizotangulia tagi hizo. Twenty Eleven ilifanya jambo la busara hapa: iliandika tagi mpya na alama ya zamani kwa pamoja, role ya banner kwenye header na ya navigation kwenye nav, hivyo kisoma skrini kisichoijua tagi kiliokolewa na alama.

Hgroup ilikuwa na hadithi tofauti. Haikutokana na mazoea ya mtu. Ilibuniwa ili kichwa kidogo cha chini ya kichwa kikuu kisihesabiwe katika muhtasari wa ukurasa. Muhtasari gani? Ule ambao HTML5 iliahidi kwamba kivinjari kingeukokotoa chenyewe. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi: kila article na kila section ianze na h1 yake, na kivinjari kijue, kwa kutazama ipi imo ndani ya ipi, kwamba hii ni ngazi ya kwanza na ile ni ya tatu. Mwandishi wa themu angeacha kuhangaika na h2 na h3. Twenty Eleven na themu nyingi za baada yake ziliifuata ahadi hiyo. Jina la tovuti likawa h1, kichwa cha kila makala kikawa h1, na kwa kuwa WordPress huonyesha makala 10 kwa ukurasa isipobadilishwa, ukurasa wa mbele ukawa na h1 kumi na moja.

Hakuna kivinjari kilichowahi kuukokotoa muhtasari ule na kumpa kisoma skrini. Kilichofanyika ni mapambo tu: vivinjari vilipunguza ukubwa wa herufi za h1 iliyo ndani ya section, basi. Msomaji asiyeona aliyekuwa akiruka kutoka kichwa hadi kichwa alikuta vyote ni vya ngazi moja, kama kitabu ambacho kila aya imeandikwa "Sura". Kanuni hiyo ilifutwa katika hati ya HTML mwaka 2022. (Ndiyo, mwaka uleule wa utabiri wa Hickson.) Kwa muongo mzima watu walipanga kurasa zao kwa kufuata kitu ambacho kilikuwa kimeandikwa na hakikuwepo. Na hapa palikuwa na njia rahisi ya kujua: washa kisoma skrini, orodhesha vichwa, sikiliza kinatamka ngazi gani. Kazi ya dakika chache. Kiwango kinapoahidi kwamba programu fulani itafanya jambo fulani, programu hiyo ipo mezani pako, iulize.

Kuhusu kivinjari kisichoijua tagi, mfano wa miaka ile ni Internet Explorer 8 na ndugu zake wakubwa. Vivinjari vingine vikikutana na tagi ngeni huzichukulia kama vipande visivyo na sifa maalumu, na maagizo ya rangi na upana yanazishika vizuri. Internet Explorer haikuwa hivyo. Tagi isiyoifahamu haikupokea mapambo yoyote, na yaliyokuwemo ndani yalihesabiwa kuwa nje. Themu iliyojengwa juu ya header na article ilisambaratika. Dawa iligunduliwa: JavaScript ikiitaja tagi hata mara moja kabla ukurasa haujachorwa, Internet Explorer huikubali. Ikatengenezwa faili ndogo ya kufanya hivyo kwa tagi zote, na Twenty Eleven iliibeba. Lakini angalia maana yake. Umbo la ukurasa, ambalo halikuwahi kuhitaji JavaScript, sasa lilitegemea JavaScript kwa msomaji mwenye kivinjari cha zamani, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kompyuta dhaifu au ya ofisi iliyofungwa na fundi.

Ndiyo maana mimi huipenda zaidi Twenty Ten, themu ya mwaka uliotangulia, ingawa haisifiwi. Ilichukua tamko jipya la HTML5, lile fupi la herufi 15 tu, ikaishia hapo. Ndani yake ilibaki na div zilezile. Tamko lile halikumdhuru yeyote, maana hata Internet Explorer 6 ya mwaka 2001 ilipoliona ilikaa sawa katika hali ya kufuata viwango. Ilikuwa hatua ya bure kabisa, nao waliichukua mara moja. Hatua yenye gharama wakaiacha mwaka mmoja zaidi. Kiwango si mzigo wa kubeba wote au kuacha wote, na mtu anayesema "tunahamia HTML5" au "hatuhamii" ameshauliza swali vibaya.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba themu ni tovuti. Sivyo, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya uamuzi uwe mgumu. Mwenye tovuti moja anawajua wasomaji wake. Anaweza kutazama kumbukumbu za seva akaona wanakuja na simu gani. Mwandishi wa themu anaamua kwa niaba ya watu asiowajua. Themu ileile inanunuliwa na kampuni ya utalii Arusha, ambayo wageni wake wanapanga safari kwa simu mpya wakiwa Ujerumani, na inanunuliwa na shule ya kata ambayo wazazi wanafungua matokeo kwa Opera Mini ili kubana bando. Tena, mnunuzi akishaiweka huanza kuibadilisha: anaandika CSS yake mwenyewe inayotegemea tagi na majina uliyoyaweka, anamwita kijana wa mtaani amtengenezee themu-mtoto juu ya ile yako, anaongeza programu-jalizi. Siku ukibadili div kuwa article katika sasisho, kazi ya yule kijana inaharibika, na simu inapigwa kwake, si kwako.

WordPress yenyewe ilikutana na tatizo hilo, na namna ilivyolishughulikia inafaa kuigwa. Fomu ya maoni na kisanduku cha kutafutia huandikwa na WordPress, si na themu. Toleo la 3.6, Agosti 2013, lilikuwa tayari kuviandika kwa HTML5. Haikuzilazimisha themu zote. Iliweka mstari mmoja ambao themu huuandika kutangaza kwamba iko tayari, tena kwa kutaja kipengele kimoja kimoja: orodha ya maoni, fomu ya maoni, fomu ya kutafutia. Asiyetangaza alibaki na ya zamani. Toleo la 3.9 mwaka 2014 lilipoongeza maghala ya picha na maelezo ya chini ya picha, aliyetangaza mwanzo hakuburuzwa. Ilimbidi avitaje navyo. Wakosoaji wanasema njia hii inaacha takataka nyingi, na ni kweli. Lakini hakuna aliyeamka asubuhi akakuta fomu yake imehama mahali.

Sifa mpya zinazobandikwa kwenye tagi za zamani ni jambo jepesi kuliko tagi mpya. Srcset, inayokipa kivinjari picha za ukubwa mbalimbali kichague, iliingia WordPress 4.4 Desemba 2015. Kivinjari kisichoijua kinachukua src kama siku zote. Loading yenye thamani ya lazy, inayoahirisha kupakua picha hadi msomaji aikaribie, iliingia toleo la 5.5 Agosti 2020, wakati Safari ya kwenye iPhone ilikuwa haijaipokea. Hakuna aliyeumia huko. Aliyeumia alikuwa mwenye kivinjari kinachoijua! WordPress iliibandika kwenye picha zote, hata ile kubwa ya juu ambayo msomaji anaiona kwanza, na picha hiyo ikachelewa bila sababu. Vipimo vya 2021 vilibainisha hivyo, na toleo la 5.9 la Januari 2022 likaiacha picha ya kwanza bila sifa hiyo. Kwa hiyo swali langu la kivinjari kisichojua halitoshelezi peke yake. Kipengele kinaweza kuwa salama kwa asiyekijua na kikamdhuru anayekijua, na hilo huonekana kwa kupima tu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano mzuri zaidi ni tagi mbili zinazofanana kwa mbali: details na dialog. Ya kwanza huficha maelezo mpaka msomaji abonyeze. Ya pili hufungua kisanduku juu ya ukurasa. Chukua kitochi chenye KaiOS 2.5, mfumo ulioingia kwetu kwa simu za bei nafuu zenye intaneti. Kivinjari chake kimejengwa juu ya Firefox 48 ya mwaka 2016. Details ilifika Firefox katika toleo la 49. Imekosekana kwa toleo moja. Lakini mwenye kitochi hapotezi kitu: maelezo yaliyokusudiwa kufichwa yanaonekana yote, ukurasa unarefuka, anasoma. Dialog ikiangukia simu hiyohiyo, kisanduku kilichotakiwa kujificha kinamwagwa katikati ya ukurasa, na agizo la kukifungua linazua kosa linaloweza kusimamisha JavaScript iliyobaki. Details ningeiweka katika themu bila kusita, na ningeiweka zamani. Dialog, ambayo Chrome ilikuwa nayo tangu 2014 lakini Firefox na Safari zikaipata Machi 2022, ningeiweka pale tu ambapo ukurasa unatumika vizuri bila hicho kisanduku.

Siku hizi kuna kipimo kiitwacho Baseline, kilichotangazwa mwaka 2023, ambacho wengi wamekifanya kuwa jibu la swali zima. Kipengele kikiingia Chrome, Edge, Firefox na Safari kinahesabiwa kuwa kimepatikana upya. Ikipita miezi 30 kinahesabiwa kuwa kimeenea. Nakitumia, kinaokoa muda. Ila soma majina tena. Opera Mini haimo. Kitochi cha KaiOS hakimo. Na miezi 30 haisemi lolote kuhusu iPhone 6 ya mtumba, ambayo mfumo wake uliishia iOS 12 na Safari yake ikagota hapo, kwa sababu Safari husasishwa pamoja na mfumo wa simu. Chrome ya Android husasishwa peke yake, kwa hiyo simu ya Android ya umri huohuo mara nyingi ina kivinjari kipya zaidi, jambo ambalo wauzaji wa simu za mtumba hawalisemi.

Kuna nusu ya pili ya uamuzi huu inayosahauliwa: kuondoa. Unapokichukua kipengele mapema unakiwekea kiraka, faili ya JavaScript inayoiga kazi yake katika vivinjari vya zamani. WordPress iliacha kuzihudumia Internet Explorer 8, 9 na 10 Juni 2017, na ya 11 Julai 2021, lakini themu zinazouzwa bado zimejaa viraka vya kuzihudumia. Vingine havina madhara. Vingine ni hatari. Watengeneza tovuti wengi walikuwa wakiviita viraka kutoka kwenye anwani moja ya nje, polyfill.io. Februari 2024 anwani hiyo ikahamia mikononi mwa kampuni nyingine, na aliyeianzisha huduma akawaonya watu waitoe mara moja, akisema hakuna tovuti ya leo inayohitaji viraka vile. Juni mwaka huohuo watafiti wa usalama walibaini kuwa inawatumia wageni msimbo hasidi, kupitia tovuti zaidi ya 100,000. Waliokuwa wamenakili faili ya kiraka ndani ya themu yao hawakuguswa. Walioiita kutoka nje ilibidi watoe toleo jipya la themu, kisha wangoje kila mwenye tovuti abonyeze kitufe cha kusasisha.